Uzi: Mahame ya jangwa la Nevada na California, miji ya dhahabu iliyobebwa ubao kwa ubao

Mtoto wa Karasha

Wakuu, salamu zenu.

Uzi huu niliuahidi siku nyingi kule kwa madereva, lakini kila nikitaka kuanza mzigo unaniita. Leo niko Tonopah, Nevada, kwenye mapumziko ya lazima ya masaa kumi. Lori nimelizima, chai iko kwenye chupa. Acha niandike.

Kwa asiyenijua: nimezaliwa Kakola, upande wa Kahama, mzee wangu mchimbaji. Nimelelewa kwa mlio wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, usiku likizima ndiyo tunashtuka. Sasa hivi nashinda barabara ya US 95, Las Vegas kwenda Reno na kurudi. Ukishaziacha taa za Las Vegas nyuma, mbele ni jangwa tupu: vichaka vya kijivu vya kufika magotini, milima mikavu, na upepo. Wenzangu wanaweka muziki wanapita. Mimi nilikuwa naona kitu kingine. Unatazama mlimani unaona kitundu cheusi, chini yake kifusi kimemwagika kama ulimi, na rangi yake si ya ule mlima. Mtoto wa mchimbaji haulizi hapo ni nini. Kuna mtu alishuka pale.

Basi nikawa nachepuka siku za mapumziko, kwa gari dogo, si lori. Huu mwaka wa sita. Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

RHYOLITE

Naanza na huu kwa sababu ndio ulionikamata. Uko kama kilomita 190 kutoka Las Vegas, jirani na kamji kanaitwa Beatty, unapokaribia Death Valley.

Agosti 1904 watafuta madini wawili, Shorty Harris na Ed Cross, waliokota hapo jiwe lenye dhahabu. Lilikuwa la kijani, wakalifananisha na chura, na eneo zima likabatizwa Bullfrog, jina la aina ya chura mkubwa. Wakuu, mnajua rashi inavyokuwa. Jiwe moja likionyeshwa kilabuni usiku, alfajiri watu wako njiani na sululu. Shorty mwenyewe hakufaidi. Inasemekana aliuza haki yake kwa bei ya kutupa, akiwa amelewa. Aliendelea kutangatanga jangwani na punda wake mpaka alipofariki 1934, na kaburi lake liko Death Valley.

Mwaka 1905 viwanja vikapimwa. Desemba 1906 treni ya kwanza ikaingia. Kufika 1907 na 1908 mji una umeme, simu, maji ya bomba, hospitali, magazeti, na soko lake lenyewe la hisa. Makadirio ya watu ni kati ya 3,500 na 5,000. Benki ya John S. Cook ilijengwa ghorofa tatu, kwa zaidi ya dola 90,000 za wakati ule, sakafu ya marumaru ya Italia. Marumaru, jangwani, mahali ambapo miaka mitatu nyuma palikuwa na mijusi!

Halafu mambo yakaharibika kwa mfululizo. Aprili 1906 tetemeko lilibomoa San Francisco, mji ambao ndiko mitaji mingi ya migodi ilikotoka. Mwaka 1907 mabenki ya Marekani yakayumba. Mwaka 1908 wenye hisa wa mgodi mkubwa, Montgomery Shoshone, waliingiwa na shaka, wakaagiza uchunguzi huru. Majibu yakaja mabaya, hisa zikaporomoka. 1911 mgodi ukafungwa. 1916 umeme ukakatwa. Kutoka jiwe la chura mpaka taa ya mwisho ni miaka 12, mtoto hajamaliza shule ya msingi na sekondari.

Na shule ndiyo inayoniuma. Waliijenga ya zege, ghorofa mbili, ikakamilika 1909 wakati watu wameshaanza kufunga virago. Haikujaa hata siku moja. Leo imebaki kuta na matundu ya madirisha.

Sasa hoja yangu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nianzishe uzi. Mara ya kwanza nilijiuliza: watu elfu tano, nyumba zao ziko wapi? Pale unahesabu majengo kwa vidole. Nikadhani zimeoza. Hapana. Jangwa halina miti. Kila ubao uliletwa kutoka mbali kwa gharama, kwa hiyo mji ukifa, ubao hauachwi. Nyumba zilifumuliwa, misumari ikanyooshwa, zikapakiwa kupelekwa kwenye rashi inayofuata. Jengo la chama cha wachimbaji wa Rhyolite lilihamishiwa Beatty likawa ukumbi wa mji. Kwa hiyo haya mahame tunayopiga picha hayatuonyeshi mji ulivyokuwa. Yanatuonyesha kile kisichobebeka: zege, mawe, makopo, chupa.

Hizo chupa zina habari yake. Mzee mmoja, Tom Kelly, aliona mbao ghali na chupa za bia zimejaa mitaani bure. Mwaka 1906 akajenga nyumba ya chupa, kama 50,000 kwa hesabu inayotajwa siku zote, amezilaza kama matofali, matako nje. Ipo mpaka leo. Ukisimama ndani jua likipiga, ukuta unawaka.

Nakunywa chai kidogo, nitarudi.

---

Binti Msambaa

Nimeweka mkeka hapa. Kaka endelea, ila picha ziko wapi?

---

Kamusi ya Kijiwe

Mkuu, samahani, mimi mbishi. Kama dhahabu ilikuwepo, mbona waliondoka? Na kama haikuwepo, marumaru ya Italia ilinunuliwa na nini? Kuna kitu hujatueleza.

---

Mtoto wa Karasha

@Binti Msambaa, picha zinagoma kupanda kwa intaneti ya hapa, dada. Nikifika Reno.

@Kamusi ya Kijiwe, swali zuri. Dhahabu ilikuwepo. Lakini kitu kilichouzwa zaidi pale hakikuwa dhahabu, kilikuwa karatasi. Mtu anachukua kitalu, anachimba shimo la kimo chake, anasajili kampuni yenye jina tamu, anauza hisa kwa mtu wa New York au Chicago ambaye hajawahi kuona hata cactus. Fedha ya hisa ndiyo inajenga benki. Benki ikisimama, watu wa mbali wanasema lazima kuna dhahabu, angalia benki! Wananunua hisa tena.

Kupata kitalu kulikuwa rahisi kwa sababu ya sheria ya madini ya 1872, iliyosainiwa na Rais Grant. Ukiwa raia na ukigundua madini kwenye ardhi ya serikali kuu, unasimika vigingi, futi 1,500 kwa 600 kwa madini ya mwamba, unasajili, basi. Sheria hiyo bado inafanya kazi mpaka leo, msishangae. Ndiyo maana ukitembea jangwani unakutana na vigingi.

Jambo la pili ni mwamba wenyewe. Juu juu, maji na hewa vimelainisha jiwe kwa maelfu ya miaka, dhahabu inaachia kirahisi. Ukishuka, jiwe linabadilika, dhahabu inashikana na salfaidi, yaani madini yenye salfa, na haitoki kwa njia ileile. Wachimbaji wa kwetu wanalijua hili bila darasa: duara, yaani shimo la mchimbaji, linaanza vizuri, halafu mawe yanakuwa meusi, na mialoni kwenye kuoshea hupati kitu. Hapo ndipo anatakiwa mtu mwenye mtambo mkubwa, na wa mtambo mkubwa anapiga hesabu kwanza.

---

Nyatike Boy

Sasa boss, mimi natoka Migori. Hii hadithi naijua. Macalder kwetu wakoloni walichimba shaba na dhahabu, kampuni ikafunga miaka ya 60, mitambo ikabaki ikishika kutu. Lakini sisi hatukuhama! Watu bado wanachimba hapo hadi wa leo, wanasaga yale mawe yaliyoachwa. Hao wazungu wa Nevada walienda wapi?

---

Mtoto wa Karasha

@Nyatike Boy, hapo umegusa tofauti yenyewe. Macalder kuna mvua, kuna shamba, kuna ziwa jirani na kuna makaburi ya mababu. Mgodi ukifungwa mtu anarudi kwenye mahindi. Rhyolite hakuna aliyezaliwa pale, na hata maji ya kunywa yalivutwa kwa bomba. Mtu hana sababu ya kubaki hata Jumatatu moja zaidi.

Walikwenda rashi nyingine. Hii Tonopah niliyopo ndiyo iliyoanzisha mambo: mwaka 1900 Jim Butler aligundua madini ya fedha hapa, wanasimulia kwamba punda wake alitoroka usiku, asubuhi akaokota jiwe la kumrushia akaliona zito. Mimi punda huyo simwamini sana, kila mji huku una punda wake. Kutoka Tonopah watu wakahamia Goldfield, kutoka Goldfield Rhyolite. Ni msafara mmoja, watu walewale, wakati mwingine na mbao zilezile.

GOLDFIELD

Huu uko kilomita kama 40 kusini ya hapa, lori linapita katikati yake. Haujafa kabisa: wamebaki watu mia kadhaa na ndio makao makuu ya kaunti ya Esmeralda, mahakama yao ya mawe ya 1907 bado inafunguliwa.

Dhahabu ilionekana Desemba 1902. Mmoja wa wagunduzi wawili, Harry Stimler, alikuwa na damu ya Washoshone. Miaka michache baadaye mji ulikuwa na watu wanaokadiriwa 20,000, mkubwa kuliko wowote Nevada. Jiwe lake lilikuwa tajiri kupita kiasi, na hapo ndipo utacheka, maana wachimbaji walikuwa wanatoka na dhahabu mwilini. Mifuko ya siri ndani ya suruali, shati la tabaka mbili. Mtu anaingia shimoni mwembamba anatoka mnene. Mitaani kulikuwa na wanunuzi wasiouliza maswali. Mwaka 1907 wenye migodi wakaleta vyumba vya kubadilishia nguo, unavua huku, unapita, unavaa kule. Wachimbaji wakaona ni udhalilishaji, mgogoro ukaungana na migomo ya mishahara, na Desemba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt akatuma wanajeshi. Waliowahi kupekuliwa getini Mererani nadhani wameshaanza kutabasamu.

Kabla ya hapo, Septemba 3, 1906, Goldfield ilifanya jambo la kuutangaza mji ili hisa ziuzike. Walileta pambano la ngumi la ubingwa wa dunia uzito mwepesi. Joe Gans dhidi ya Battling Nelson. Gans ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa ngumi, tangu 1902. Sasa tazama malipo: bingwa ni Gans, lakini Nelson alipewa takribani mara mbili yake. Na masharti ya kupima uzito yalipangwa kumkausha Gans.

Walipigana mchana kweupe, juani, jangwani. Siku hizi raundi 12 tunaona nyingi. Wale walifika raundi ya 42. Arobaini na mbili, wakuu! Nelson akampiga chini ya mkanda, refa akamaliza, Gans akatangazwa mshindi, na jumuiya za Weusi kote Marekani zilisherehekea. Miaka minne baadaye kifua kikuu kilimchukua. Mimi nikipita pale huwa napunguza mwendo. Uwanja wenyewe ulikuwa wa mbao, kwa hiyo mnajua ulikoishia.

Mwaka 1923 moto ukala zaidi ya mitaa 50. Hoteli kubwa ya 1908 ilinusurika, inasimama pale barabarani, tupu.

---

Ya Likasi

Ndugu, asante sana. Mimi ni wa Likasi, Katanga, nakaa Tucson, Arizona. Huku kwetu ni shaba, ndiyo maana nilijisikia nyumbani mara moja. Nenda Bisbee utaona shimo kubwa la Lavender, udongo wenye rangi zote. Lakini historia yake ina jambo zito. Julai 12, 1917 wachimbaji waliogoma, karibu 1,200 au zaidi, walikamatwa alfajiri na watu wenye bunduki, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wakapelekwa jangwani New Mexico wakaambiwa wasirudi. Wengi walikuwa Wameksiko na wahamiaji kutoka Ulaya. Hazikubebwa mbao peke yake, ndugu. Hata watu walibebwa.

---

Mtoto wa Karasha

@Ya Likasi, umenifunga mdomo, kaka. Nitafika Bisbee, Mungu akipenda, na nitakupigia hodi.

---

Mwalimu Kipara

Mleta uzi, hongera. Ila nina dukuduku. Tangu mwanzo umesema "jangwa tupu", "hakuna aliyezaliwa pale". Washoshone je? Umewataja kwa sentensi moja tu.

---

Mtoto wa Karasha

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kosa, nimeteleza kama wanavyoteleza wote huku.

Ile ni nchi ya Washoshone wa Magharibi. Mwaka 1863 walitia saini na serikali mkataba wa Ruby Valley. Ulihusu amani, kupita kwa wasafiri, reli, na kuruhusu migodi. Haukusema wanauza ardhi. Migodi ikaja, ikakata miti ya misonobari ambayo mbegu zake ndizo zilikuwa chakula chao cha majira ya baridi, ikaitia kwenye tanuri za makaa. Wakabaki kufanya vibarua kwenye miji iliyojengwa juu ya vyanzo vyao vya maji. Kesi za ardhi hiyo zilikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 1985, na hawakushinda. Ndugu zao Watimbisha wa Death Valley walirudishiwa kipande cha ardhi kwa sheria mwaka 2000. Wao hawakuondoka rashi zilipoisha. Kwa hiyo nafuta kauli: waliokuja kwa ajili ya madini ndio hawakuzaliwa pale.

---

Chuma Chakavu

Mkuu, mimi niko Denver, wiki ya mapumziko inakuja. Nataka kuingia kwenye hayo mashimo na kamera na tochi. Vifaa gani nibebe?

---

Mtoto wa Karasha

@Chuma Chakavu, usibebe kitu kwa sababu hutaingia. Nisikilize vizuri, hapa sitanii.

Mimi nimekulia kwenye maduara na siingii. Mbao za kuzuia mwamba, yale matimba, zina miaka zaidi ya mia. Kwa macho zinaonekana imara kwa sababu jangwa linakausha, ukiegemea zinavunjika kama biskuti. Hewa mbovu haina harufu: unapiga hatua mbili chini, unalegea, aliyekufuata kukuokoa naye analala juu yako. Baruti za zamani zinatoa jasho, na lile jasho ni nitrogliserini, halitaki hata kuguswa. Vinyesi vya panya kwenye vibanda vina kirusi cha hanta kinachoshambulia mapafu. Nyoka wa njuga nao wanapenda kivuli kama wewe. Nevada pekee mashimo hatari yaliyoachwa yanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na mengi hayana hata uzio.

Kisa changu. Mwaka wa pili nilikuwa natembea mlimani nyuma ya Goldfield, sehemu tambarare, mchanga na kokoto kama kwingine kote. Hatua moja ikalia. Si mlio wa kokoto, ni mlio wa ngoma, *dum*. Nikaganda. Nikainama taratibu nikafagia mchanga kwa kiganja, chini kuna ubao. Mtu miaka hiyo alifunika shimo kwa mbao, upepo ukaleta mchanga juu yake, na mimi nimesimama katikati. Nililala kifudifudi nikajiburuta kurudi nilikotoka, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Nilipofika penye mwamba nikarusha jiwe kwenye ufa wa ubao. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo likagonga. Piga hesabu mwenyewe. Nilikaa pale mpaka magoti yaliporudi.

Kwa hiyo tembea kwa kufuata barabara, beba maji mengi kuliko unayodhani, mwambie mtu uendako maana simu hazishiki. Nenda Oktoba au Machi, Julai Death Valley si mahali pa binadamu. Na usiokote kitu. Kwenye ardhi ya serikali kuu, kifaa cha kihistoria kilichozidi miaka 100 kinalindwa kwa sheria ya 1979, hata kama kwako ni kopo la kutu.

Ukitaka kuona shimo kwa usalama, hapa Tonopah kuna hifadhi ya migodi ya zamani yenye vitalu vya mwanzo vya Butler, unalipa kiingilio unatembea juu ya vyuma.

---

Binti Msambaa

Jamani hiyo *dum* nimeisikia mpaka Lushoto. Kaka, makopo ya kutu yana faida gani ya kuangalia?

---

Mtoto wa Karasha

Dada, makopo ndiyo kalenda. Kopo la zamani lina tundu dogo katikati ya mfuniko, limezibwa kwa tone la madini ya risasi yaliyoyeyushwa: mvuke ulitokea hapo, kisha wakaziba. Ukikuta rundo la hayo peke yake, unajua kambi ilikuwepo kabla ya makopo ya kisasa yaliyobanwa kingo kuenea. Angalia na vioo. Vigae vya zambarau havikutengenezwa zambarau. Viwandani waliweka manganizi ili kioo kiwe cheupe, basi miaka na miaka ya jua inakigeuza rangi. Manganizi waliiacha karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo zambarau ni ya kabla ya hapo. Mimi nachuchumaa kwenye jalala la mtu wa 1906 nasoma alikula nini, nyanya, maziwa ya kopo, dagaa wa mafuta. Dagaa! Nikacheka peke yangu.

BODIE

Namalizia na mji unaovunja hoja yangu, ili Kamusi ya Kijiwe asinitangulie.

Bodie uko California, upande wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. W. S. Bodey aligundua dhahabu 1859 na majira ya baridi yaleyale akafia kwenye dhoruba ya theluji. Mji ulilala mpaka kampuni ya Standard ilipopata mshipa tajiri miaka ya 1870, na kufika 1880 watu walikuwa kati ya 7,000 na 10,000. Vilabu vya pombe vilikuwa kila hatua. Mbao zilitoka Mono Mills kwa reli iliyojengwa 1881. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walivuta umeme wa maji kutoka kijito cha Green Creek, kilomita 20 hivi, kuendesha kinu cha nyundo za kuponda mawe. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza umeme kusafirishwa mbali namna ile, na wanasimulia nguzo zilipigwa mstari mnyoofu kwa hofu kwamba umeme hautaweza kukata kona.

Moto wa 1932 uliunguza sehemu kubwa. 1942 serikali ilisimamisha migodi ya dhahabu nchi nzima kwa ajili ya vita, hapo ndipo palipozimika. Na bado nyumba zaidi ya mia moja za mbao zimesimama! Kwa nini hazikubebwa? Kwa sababu ya familia moja. J. S. Cain alinunua kiwanja baada ya kiwanja watu wakihama, mpaka mji karibu wote ukawa wake, na baadaye wakaweka walinzi. Mwaka 1962 ukawa hifadhi ya jimbo. Sera yao ni kwamba hawakarabati kuwa mpya na hawaachi ianguke, wanaishikilia ilivyo.

Nilifika Septemba. Kilomita tano za mwisho ni vumbi na makorongo madogo, gari lilitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikajikunja. Nikaweka uso kwenye dirisha la duka. Rafu zina makopo na mikebe, kaunta ina mizani. Nyumba ya pili, meza, kiti kimesogezwa nyuma kama mtu kaenda kufungua mlango. Karatasi za ukutani zimeachia, zinaning'inia kama ngozi ya nyoka. Vumbi juu ya kila kitu, sawasawa, hakuna alama ya kidole.

Watu huiba misumari na vigae, halafu wanavirudisha kwa posta na barua za kuomba msamaha: wameachika, wamepata ajali, wamefukuzwa kazi tangu waokote. Wanaita laana ya Bodie. Mimi nasema laana hiyo imelinda mji kuliko walinzi.

---

Kamusi ya Kijiwe

Leo nimeshindwa kubishana. Swali la mwisho tu: zebaki walitumia?

---

Mtoto wa Karasha

Sana. Virginia City, kaskazini kabisa mwa njia yangu, mshipa wa Comstock wa 1859: wachimbaji wa kwanza walitafuta dhahabu wakawa wanatupa matope ya bluu yanayowasumbua, kumbe ni fedha. Wakasaga mawe wakikoroga na zebaki, na maelfu ya tani za zebaki zikaishia mto Carson. Tangu 1990 mto huo uko kwenye orodha ya serikali kuu ya maeneo ya kusafishwa, na mpaka leo kuna tahadhari ya kula samaki wake. Miaka zaidi ya 150, wakuu. Ndugu zangu wa Geita mnaochomea zebaki kwenye jiko la kupikia, mnisikie.

Masaa kumi yanaisha, naenda kukagua matairi. Ila kuna jambo la mzee nimalizie.

Mwaka jana nilimpigia mzee kwa video nikiwa Rhyolite. Nikamzungushia simu: benki, shule, stesheni ya treni, ile michongo ya vizuka vyeupe aliyoweka pale Mbelgiji Szukalski 1984, ambayo siku ya kwanza ilinirudisha kwenye gari kinyumenyume. Mzee kimya. Nikageuza simu upande wa mlimani, kwenye kifusi. Akasema, "Simama hapo hapo. Hayo marudio, hawajayarudia?"

Marudio kwetu ni mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Nikamwambia, baba, walirudi. Kuanzia 1989 palichimbwa shimo la wazi kubwa hapo jirani, na kampuni iliyolimalizia 1999 ni Barrick.

Akauliza, "Barrick hii ya Bulyanhulu?"

Hiyohiyo, baba. Na mgodi wa Bulyanhulu, pale kwetu Kakola, waliuchukua mwaka uleule wa 1999.

Akacheka mpaka akakohoa, akampa simu mama.